Kupoza maji ya kimea bila koili: jibu kwa msomaji wa Tabora

"Shikamoo mtaalamu. Niko Tabora mjini, Cheyo. Natengeneza bia nyumbani ya kunywa na jamaa zangu, lita 20 kila mara, kwa kimea cha shayiri na hopsi ninazoagiza. Nikishachemsha naepua jioni, nafunika sufuria kwa kitambaa, asubuhi natia hamira. Mara mbili mfululizo bia imetoka chachu, na ina harufu ya mahindi ya kuchemsha. Rafiki akasema nipoze haraka, nikanunua barafu za mifuko nikazitumbukiza humo humo, ikaharibika vilevile. Sasa naambiwa bila koili ya shaba hakuna bia, na bei yake imenishinda. Maji ya bomba kwetu ni ya mgao. Tena bibi yangu alipika pombe maisha yake yote na hakupoza kitu kwa haraka. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limebeba maswali matatu: uchachu unatoka wapi, harufu ya mahindi inatoka wapi, na kama unalazimika kununua koili, yaani bomba la shaba lililozungushwa, linalotumbukizwa kwenye sufuria huku maji baridi yakipita ndani yake. La mwisho nikujibu mapema ili usiendelee kuumiza kichwa: hulazimiki. Kwa lita 20, na kwa maji ya mgao, zipo njia mbili zinazofaa, na vyombo vyake vingi nadhani unavyo tayari. Ila kwanza tuelewane kuhusu kinachoiharibu bia yako, maana usipokijua unaweza kununua koili na bado ukamwaga bia.

Nianze na bibi, kwa sababu hoja yake ni nzito. Pombe ya mtama au ya mahindi inayopikwa majumbani inatakiwa iwe na uchachu. Bakteria wa asidi ya laktiki wanaingia humo pamoja na hamira, wanafanya kazi bega kwa bega, na ule ukali mtamu ndio unaopendwa. Tena pombe hiyo hunywewa ikiwa bado inachemka yenyewe, siku moja au mbili, kisha imekwisha. Haikai muda wa kutosha kuharibika. Bia yako inakaa wiki mbili kwenye chombo cha kuchachushia na wiki kadhaa nyingine kwenye chupa. Bakteria wachache tu walioingia usiku wa kwanza wana mwezi mzima wa kufanya wanalotaka. Bibi alikuwa sahihi kwa pombe yake. Wewe unatengeneza kitu kingine.

Sasa tuangalie usiku wako unavyokwenda. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Hilo lisikutie wasiwasi, kwani joto hilo likikaa saa nzima linaua vijidudu vyote vinavyoweza kuiharibu bia, isipokuwa mbegu ngumu za baadhi ya bakteria. Unapoepua, maji yako ya kimea, yaani bia kabla haijatiwa hamira, ni safi kuliko kitu chochote jikoni. Yakiwa juu ya nyuzi 60 hakuna cha kuishi humo. Hatari inaanza yakishuka chini ya hapo, na inakuwa kubwa zaidi kati ya nyuzi 45 na 25, kwa sababu ni maji ya uvuguvugu yenye sukari na protini, hayana pombe bado, na hayana hamira ya kushindana na mgeni yeyote.

Sufuria la lita 20 likiachwa sakafuni kwenye chumba cha nyuzi 26, safari ya kutoka 60 hadi 30 inachukua saa kumi au zaidi. Bakteria anayepata joto analolipenda anaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Piga hesabu: kwa saa kumi anaongezeka maradufu mara ishirini, na mmoja aliyeingia saa tatu usiku anakuwa zaidi ya milioni moja asubuhi. Wewe unakuja na hamira yako asubuhi, unaikuta nyumba imeshapangishwa.

Na wanaingiaje? Kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Hewa iliyo juu ya maji ya moto ndani ya sufuria inapopoa hunywea, na sufuria huvuta hewa ya nje kujaza nafasi. Hewa hiyo inapita kwenye kitambaa chako na vumbi lake, na kitambaa hakiwezi kuchuja bakteria. Vile visubi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva pia hubeba bakteria wa siki miguuni. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, husaidia kuwazuia wengi wa jamii ya laktiki, lakini si wote, na karibu haziwagusi kabisa wale wanaoanza kazi mapema kabla pombe haijaingia.

Harufu ya mahindi ya kuchemsha ni kisa kingine. Kimea cha shayiri, hasa kile cheupe kisichokaushwa kwa moto mkali, kina kiini ambacho kikipata joto hugeuka kuwa kemikali ya salfa iitwayo daimethili salfaidi. Ndiyo inayonuka mahindi au kabichi iliyopikwa. Wakati wa kuchemsha hutoka na mvuke ikapotea. Ukichemsha huku umefunika, mvuke unagonga mfuniko na kudondoka tena ndani. Na ukishaepua, joto likiwa bado juu ya nyuzi 80, kemikali hiyo inaendelea kuzaliwa lakini haina tena mvuke wa nguvu wa kuitoa. Kwa hiyo chemsha sufuria likiwa wazi, kwa moto wa kuchachamaa, saa moja, au saa moja na nusu kama kimea chako ni cheupe sana. Dawa ya kwanza ya harufu hiyo ni kuchemsha. Upoaji unakuja baada yake. Nikuongezee pia kwamba wapo bakteria wanaotoa harufu hiyo hiyo, hivyo kwako wewe huenda sababu ni zote mbili.

Barafu uliyotumbukiza ilikuwa na nia njema lakini ndiyo iliyokuharibia. Kugandisha hakuui bakteria; kunawalaza tu. Barafu ya mifuko kwa kawaida ni maji ambayo hayakuchemshwa, mfuko wake umeshikwa na mikono mingi, na wewe umeifungulia ndani ya chakula kizuri kuliko vyote. Barafu ikae nje ya sufuria daima.

Tena uliitumia mapema mno, na hapa kuna hesabu ambayo ingekuokolea pesa. Kushusha lita 20 kutoka nyuzi 96 hadi 25 kwa barafu peke yake kunahitaji kilo 13 au 14, kama hakuna hata chembe inayopotea. Kushusha lita hizo hizo kutoka 35 hadi 22 kunahitaji chini ya kilo tatu kihesabu, na kilo nne au tano kwa hali halisi ya jikoni. Joto hukimbia haraka pale tofauti inapokuwa kubwa. Maji ya ndoo ya nyuzi 25 mbele ya sufuria la nyuzi 96 yanafanya kazi kubwa bila gharama yoyote. Mbele ya sufuria la nyuzi 33 yanakaribia kukosa kazi, na hapo ndipo barafu inastahili kuingia.

Njia ya kwanza basi ni kuogesha sufuria. Tafuta beseni kubwa au karai ambalo sufuria linaingia na kubaki nafasi ya lita 20 za maji pembeni. Chini weka matofali mawili ili maji yapite hadi chini ya kitako. Jaza maji yafikie usawa wa maji ya kimea yaliyo ndani, yasifike karibu na ukingo. Kisha koroga. Hili watu hulipuuza na ndilo linaloamua yote: maji yaliyogusa ukuta wa sufuria hupoa na kusimama pale pale kama ngozi, na joto la katikati haliufikii ukuta huo. Koroga ndani polepole kwa mwiko ambao umechemka humo humo dakika 15 za mwisho, na kwa mkono mwingine zungusha maji ya nje. Ukikoroga, dakika kumi au kumi na tano zinatosha kwa mzunguko mmoja. Usipokoroga, utakaa saa nzima ukishangaa kwa nini maji ya nje yamekuwa ya moto na ya ndani hayajashuka.

Sasa kuhusu mgao wa maji. Ukiwa na lita 40 za nyuzi 25 ukazimimina zote kwa pamoja, lita zako 20 za nyuzi 95 zitakutana nazo kwenye nyuzi 48 hivi na kuishia hapo. Zigawe mara mbili: lita 20 za kwanza zinakushusha hadi 60, unazimwaga, lita 20 za pili zinakufikisha kwenye 42 au 43. Maji ni yale yale, na umepata nyuzi zaidi ya tano bure. Ongeza lita 20 za tatu na uko kwenye 34. Kwa hali halisi utapungukiwa kidogo, lakini mwelekeo ni huo. Na hakuna sababu ya kumwaga maji hayo: ya kwanza yanatoka ya moto, yaoshee vyombo, ya pili na ya tatu ni ya kuogea au ya kumwagilia mchicha. Mzunguko wa nne ndio wa barafu, kilo zako nne ndani ya maji machache kwenye beseni. Kwa jumla ni kama saa moja, na umeruka lile eneo la hatari badala ya kulala ndani yake.

Sufuria lako, kama ni la alumini kama mengi yetu, ni chombo kizuri sana kwa kazi hii. Alumini hupitisha joto mara nyingi zaidi ya chuma kisichoshika kutu ambacho watengenezaji wa ng'ambo wanakisifia. Kama unayo masufuria mawili ya lita 12, gawa humo kabla ya kupoza: chai kwenye sahani hupoa haraka kuliko kwenye kikombe, na sababu ni hiyo hiyo.

Njia ya pili naipenda zaidi kwa mazingira yenu. Watengeneza bia wa nyumbani wa Australia waliieneza kwa sababu nao wana uhaba wa maji: usipoze kabisa, funga. Maji ya kimea yakiwa bado ya moto, juu ya nyuzi 80, unayaingiza kwenye dumu safi la lita 20, unajaza hadi juu, unalibana kidogo kutoa hewa, unafunga mfuniko, kisha unalilaza kila upande dakika chache ili maji ya moto yaguse mpini na mfuniko. Joto lenyewe linasafisha dumu. Halafu unaliacha usiku kucha. Linapoa taratibu kama sufuria lako lilivyopoa, ila hakuna hewa inayoingia. Dumu hunywea na kubonyea badala ya kuvuta vumbi. Asubuhi utalikuta vuguvugu bado, labda nyuzi 33. Lisimamishe kwenye beseni la maji na barafu kidogo hadi lifike 22, hamishia kwenye chombo cha kuchachushia, tikisa ili maji yapate hewa ambayo hamira inaihitaji mwanzoni, tia hamira siku hiyo hiyo.

Masharti yake yazingatie yote. Dumu liwe la plastiki ngumu isiyong'aa, yenye pembetatu na namba 2 kwenye kitako. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, dizeli au dawa ya tumbaku halifai hata ukilisugua mwaka mzima. Lililobeba mafuta ya kula linafaa likioshwa kwa sabuni na maji ya moto mpaka utelezi uishe, maana mafuta huua povu la bia. Zile chupa kubwa angavu za maji ya kunywa usizitumie. Nyingi hulegea na kujikunja kuanzia nyuzi 70 hivi, na zikipasuka mikononi mwako hiyo ni ajali. Hopsi ulizokuwa unatia dakika 20 za mwisho zicheleweshe hadi karibu na kuepua, nyingine zitie ndani ya dumu lenyewe, kwa sababu maji yakibaki juu ya nyuzi 80 muda mrefu uchungu unaendelea kutoka na bia itakuwa chungu kuliko ulivyopanga. Na usiweke dumu hilo kama akiba. Zile mbegu ngumu nilizokutajia, baadhi yake zinaweza kuamka mahali pasipo hewa na kutoa sumu hatari sana kwenye maji matamu yasiyo na uchachu wa kutosha. Usiku mmoja, tia hamira, basi. Dumu lililosahaulika wiki nzima limwage bila kuonja.

Unapomimina, omba mtu mzima wa pili akusaidie na watoto wawe mbali. Acha maji yashuke hadi nyuzi 85 kwanza, chota kwa jagi lenye mpini mrefu, usijaribu kuinua sufuria zima. Maji yenye sukari hung'ang'ania ngozi na kuunguza zaidi ya maji matupu. Akiungua mtu, mwagia sehemu hiyo maji safi ya kawaida yanayotiririka dakika 20, vua nguo na pete kabla ya kuvimba, usipake dawa ya meno wala unga. Kama jeraha lina malengelenge makubwa, au ni usoni, mikononi au sehemu za siri, au ni mtoto, nenda hospitali ya Kitete moja kwa moja.

Koili je? Ni kifaa kizuri na sina ugomvi nacho. Kwa mwenye bomba lenye msukumo hushusha lita 20 kwa nusu saa au chini ya hapo. Ila hula maji, lita 60 hadi 100 ni kawaida, na haiwezi kukupeleka chini ya joto la maji yanayopita ndani yake. Bomba la nyuzi 26 halitakupa nyuzi 20 hata ukiwa na koili ya dhahabu. Siku utakapoitaka, usiagize mbali. Mafundi friji hutumia bomba laini la shaba la aina hiyo hiyo. Mita nane hadi kumi zinatosha, na fundi analizungusha kwenye mtungi mdogo wa gesi likapata umbo. Nunua bomba jipya, lisitoke kwenye friji bovu, maana lile limebeba mafuta ya mashine. Koili itie kwenye sufuria dakika 15 kabla ya kuepua ili ichemke pamoja.

Kuna jambo moja la Tabora ambalo wenzetu wa mwambao hawana. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa yenu ni kavu, na ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi wakati huo kuliko masika. Lita moja ya maji ikikauka kutoka kwenye kitambaa inaondoa joto zaidi ya mara tano ya kilo moja ya barafu inapoyeyuka. Kwa kupoza sufuria lililotoka jikoni njia hii ni ya polepole mno, lakini kwa kazi inayofuata ni hazina. Hamira inapofanya kazi hutoa joto lake yenyewe, na bia iliyoanza kwenye nyuzi 22 inaweza kupanda hadi 28 siku ya pili. Hapo inatoa ladha ya spiriti. Visha chombo kanga kuukuu, pindo la kanga liwe ndani ya beseni la maji, weka mahali penye upepo na kivuli. Masika hewa ikiwa na unyevu haitasaidia sana, na afadhali ujue hivyo mapema.

Na kwa kuwa unaagiza hopsi, agiza pia hamira ya aina ya kveik, ya wakulima wa Norwei. Hiyo inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40. Ukiwa nayo, mizunguko mitatu ya maji inakutosha, barafu huihitaji kabisa. Ladha yake ina matunda kidogo, kwa bia nyeupe iliyo kavu, yaani isiyo na utamu, haifai, lakini kwa mtu wa Tabora mwezi wa Oktoba mimi ningeanza nayo. Hamira nyingine yoyote usiitie juu ya nyuzi 25. Joto lipime kwa kipimajoto cha jikoni cha kuchovya. Kile cha kupimia homa kinaishia nyuzi 42 na cha kioo kitapasukia humo.

Ukifuata haya na bia bado ikachacha, usirudi kulaumu upoaji kabla ya jaribio hili. Siku ya kupika, chemsha chupa ndogo ya kioo na mfuniko wake, ijaze maji ya kimea yaliyokwisha poa kabla ya kutia hamira, funga bila kukaza, iweke mezani. Ikitoa mapovu au ukungu ndani ya siku moja au mbili, uchafu unaingia wakati wa kupoza. Ikikaa safi siku tatu au zaidi, umepoza vizuri na tatizo liko mbele: koki ya chombo cha kuchachushia, mpira wa kuhamishia bia, au chupa. Mipira na koki ndizo zinazoficha uchafu zaidi, na mpira uliochakaa haufai kuoshwa, nunua mwingine. Chupa ya jaribio imwage, usiionje. Hapo ukiwa bado umekwama, vichukue vyombo vyenyewe uvipeleke ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, uombe kuonana na mtu wa usindikaji wa vyakula avikague kwa macho, maana mimi kwa barua siwezi kuona ufa ulio ndani ya koki. Na kama jamaa wameanza kukuambia uwauzie, usipokee hata shilingi kabla ya kupita halmashauri kuuliza leseni ya vileo, na TBS, Shirika la Viwango, kwa upande wa ubora.